Maswali yenu kwa punda mstaafu

Toleo lililopita tulichapisha habari fupi ya mzaliwa wa Magomeni, Dar es Salaam, aliyeanza kuwa punda, yaani mbebaji wa heroini ya wengine, mwaka 1999, akaanza kuivuta mwenyewe 2002, akafungwa Hong Kong kuanzia 2008 hadi 2017, akarudi nyumbani akaanguka tena, na tangu 2018 anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika kliniki ya Mwananyamala. Sasa ni fundi cherehani. Barua zenu tumempa zote. Amechagua mwenyewe za kujibu, na lugha yake tumeiacha ilivyo. Jina tumelihifadhi kwa ombi lake, maana ana watoto wanaosoma. — Mhariri

*Mwanangu, kijana wangu ana miaka 24, anakula unga tangu amalize kidato cha nne. Ameuza simu yangu, mtungi wa gesi, mpaka mabati ya banda la kuku. Sasa ananiambia anadaiwa na watu wabaya, wasipolipwa mwisho wa mwezi watamuua. Nina kiwanja Pongwe. Nikiuze? Na jirani amenishauri nimfungie chumbani wiki mbili mpaka umtoke. Nifanyeje? — Mama, Tanga*

Shikamoo mama. Kiwanja usiuze.

Muuza kete, vile vipimo vidogo vya unga, wa mtaani hana ubavu wa kumkopesha teja hela ya kiwanja. Yeye mwenyewe kapewa kwa mali kauli, jioni anasubiriwa na hesabu, na teja anamjua vizuri kuliko wewe unavyomjua mwanao: hamwachii kete mbili bila kushika simu au viatu. Hiyo habari ya watu wabaya wa mwisho wa mwezi nimeitumia mimi. Tulikuwa wawili, mimi na jamaa yangu mmoja wa Magomeni Kagera. Mimi nikamlilia mama, yeye akaja usiku kugonga mlango kwa ngumi, kavaa miwani ya jua gizani, anadai pesa yake kwa sauti nzito. Mama akauza cherehani yake. Adhuhuri ya kesho yake haikutukuta na hata shilingi.

Mwambie kijana hivi: huyo anayekudai aje mchana, mbele ya mjumbe, aseme anadai nini. Kama ni uongo hutaona mtu. Kama mtu atakuja kweli, au kijana akikataa huku anatetemeka kwa hofu ambayo si ya kuigiza, huenda alipewa mzigo auze akaula, na hilo ni jambo jingine kabisa. Hata hapo usilipe kimyakimya, maana ukilipa mara moja umeshawaonyesha kwamba nyumba hiyo ina hela. Mtoe hapo mtaani kwanza, ndipo useme na wanaohusika. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba 119, haikati salio.

Kuhusu kumfungia. Jirani yako ana nia njema, lakini hajui kinachokuja baada ya hizo wiki mbili. Arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, huanza kama saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, kisha tumbo linaendesha, mifupa inauma mpaka unatamani mtu akukanyage. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya, wiki ikiisha mwili unatulia. Akinywa maji ya kutosha na hana maradhi mengine, mara nyingi anavuka. Shida ni kwamba mwili ukishatulia unakuwa umesahau unga, kichwa hakijasahau. Siku atakayotoka chumbani atatafuta kipimo kilekile alichozoea, na mwili hauwezi tena kukibeba. Rafiki zangu niliowazika, wengi walikufa namna hiyo: katoka mahabusu, au katoka nyumba ya soba wanakokaa walioacha unga, siku chache tu, kakutwa chooni sindano ingali mkononi.

Hapo Tanga, Hospitali ya Rufaa ya Bombo wana kliniki ya methadoni. Nenda naye mwenyewe, usimpe nauli aende peke yake. Watampima mkojo kuhakikisha kweli anatumia, watampima kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini, watamhoji, halafu ndipo wamwanzishe. Huduma ni bure. Atakwambia "nitakwenda Jumatatu". Usisubiri Jumatatu, mama. Nenda naye asubuhi anayoumwa, siyo asubuhi aliyoshiba.

*Anko, kuna mtu amenipa mchongo wa kupeleka mzigo China, tumboni. Dola 5,000 nikifika. Pasipoti, tiketi na nguo anagharamia yeye. Anasema njia ni kupitia Hong Kong na hata nikikamatwa, nikikiri kosa nafungwa miaka miwili tu halafu narudishwa. Hali ya nyumbani ni ngumu sana. Ni kweli hayo? — Kijana, Mwanza*

Mdogo wangu, si kweli, na huyo mtu anajua kwamba si kweli.

Hong Kong wana jedwali la adhabu. Heroini halisi ikizidi gramu 600 hesabu ya hakimu inaanzia miaka 20. Ukikiri, kwa desturi wanakata theluthi. Ukiwa na tabia njema gerezani inakatwa theluthi nyingine. Mimi nilianziwa 20, nikakiri ikawa 13 na miezi 4, nikakaa karibu miaka tisa. Hayo ndiyo malipo ya mtu aliyekiri na hakugombana na mtu. Wa miaka miwili ni mtu aliyekutwa na gramu chache mfukoni, na tumboni hawakupi gramu chache. Na hapo tunazungumzia Hong Kong, ambako hakuna adhabu ya kifo. Ukivuka mpaka ukaingia China bara, gramu 50 zinatosha kukufikisha kwenye adhabu hiyo. Gramu 50 ni pipi chache tu, yaani vile vifurushi vya kumeza, kati ya utakazomeza. Ukikamatiwa hapa kwetu kabla hujapanda ndege, sheria yetu ya 2015 inaweza kukupa kifungo cha maisha.

Sasa hizo dola 5,000. Pasipoti "anagharamia", tiketi "anagharamia", nguo na hela ya kuonyesha uwanja wa ndege "anagharamia". Vyote hivyo vinaandikwa. Ukifika salama unakatwa. Halafu pipi moja itadaiwa ilikosekana, hata kama haikukosekana. Utarudi na hela ya kununua pikipiki iliyotumika, na safari ya pili utaenda kulipia ya kwanza. Sikumwona mtu wa daraja langu aliyejenga. Waliojenga hawajawahi kumeza kitu.

Ngoja nikueleze nilichokiona Karachi, maana huko ndiko nilikoelewa biashara hii inavyokwenda. Mwaka 2002 bosi wangu alinituma "kufuata mzigo". Nikafikiri napokea, nafunga, narudi. Kumbe mzigo ulishaondoka na mwingine. Bosi aliuchukua kwa mali kauli, na wenye mali wa kule hawakubali maneno matupu. Wanataka mtu abaki mpaka hela ifike. Tunaita kuwekwa bondi. Mimi ndiye niliyekuwa bondi, na nilijulishwa nikiwa tayari nimeshanyang'anywa pasipoti.

Nyumba ilikuwa Lyari, mtaa wa zamani wa Karachi. Utashangaa: wamo watu weusi kama sisi, Masheedi, wazee wao walitoka pwani yetu miaka mingi iliyopita, sasa wanasema Kibaluchi na Kiurdu. Watoto wanacheza mpira uchochoroni kama Magomeni Mapipa, nywele zilezile, kelele zilezile. Nilikuwa nawachungulia dirishani nikiona kama nipo nyumbani, ila siwezi kushuka ngazi. Sikupigwa. Nilipewa chapati, dengu, chai ya maziwa nzito. Ijumaa nilipelekwa kuswali, mtu mbele na mtu nyuma. Kila baada ya muda mwenye nyumba ananipa simu nimpigie bosi, bosi anasema "wiki hii, wiki hii". Mwenye nyumba ananitazama usoni kujua kama nina thamani bado.

Tulikuwa chumba kimoja na kijana mwingine, Mtanzania, aliyenikuta au niliyemkuta haina maana, lakini bosi wake alikuwa ameacha kupokea simu. Siku mzigo wa bosi wangu ulipolipwa nikapewa pasipoti na nguo safi. Yeye alibaki. Alinipa namba ya dada yake kwenye karatasi ya sigara. Nilipopiga nilipokewa na mtu aliyesema namba hiyo ni yake tangu zamani.

Unga nilianzia humo. Walikuwa nao kama sisi tulivyo na sukari, siku ni ndefu, na jamaa anakukunjia foili anakwambia vuta usingizi uje. Ulikuja. Nilirudi Dar es Salaam nikiwa punda na teja kwa wakati mmoja, na nikawaficha wakubwa kwa miaka, kwa sababu teja hapewi mzigo. Mwaka 2008, pale Chek Lap Kok, uwanja wa ndege wa Hong Kong, afisa wa forodha hakuona kitu kwenye begi langu. Aliona mtu anatoka jasho kwenye ukumbi wenye baridi ya kiyoyozi. Ilikuwa arosto. Akaniuliza hoteli gani nitafikia, nikataja. Akaniuliza nimekuja kununua nini, nikasema nguo. Akaniuliza nguo za kike au za kiume. Nikakaa kimya. Baada ya hapo ilikuwa hospitali, eksirei, na choo ambacho watu wawili wanakaa wanakutazama mpaka umalize.

Mtu aliyekupa mchongo mwulize swali moja: kwa nini haendi yeye, au mdogo wake. Halafu kata mawasiliano, badilisha laini. Pasipoti kama ameshaishika, ripoti polisi kwamba imepotea. Hali ya nyumbani kuwa ngumu naijua, sikubezi.

*Hivi mnamezaje vitu vile bila kutapika? Na unatulizaje tumbo kwenye ndege? Nauliza kwa kutaka kujua tu. — Msomaji, Dodoma*

Silijibu hili. Wa kutaka kujua tu ajue kwamba pipi moja ikipasuka pumzi zinakata, na walio karibu nawe ndani ya ndege watadhani umelala.

*Ndugu, nimesoma unasema umepona, kumbe kila siku unakwenda kunywa methadoni. Hiyo si kuacha bia ukahamia gongo? Mimi niliacha sigara kwa kuamua tu. — Mzee, Morogoro*

Shikamoo mzee wangu. Hongera kwa sigara, nasema kweli, mimi sigara imenishinda.

Sikusema nimepona, mhariri ndiye aliyeandika hivyo toleo lililopita. Methadoni ni jamii moja na heroini, hilo sikatai, na nikiikosa siku mbili nitaumwa. Tofauti iko kwenye saa. Heroini inapanda haraka inashuka haraka, ndiyo maana teja anatafuta hela tangu alfajiri mpaka usiku. Kila baada ya saa chache mwili unadai. Methadoni inapanda polepole na inakaa zaidi ya siku nzima. Ukipata kipimo chako sawasawa huleweshwi, huumwi, na hata ukivuta unga juu yake huoni ule utamu. Kwa hiyo saa zile zote za kutafuta zinabaki mikononi mwako, na hapo ndipo tatizo jipya linapoanza: uzifanyie nini. Mimi miezi ya kwanza nilikuwa nakunywa dozi, halafu nakaa kwenye benchi la nje mpaka adhuhuri, kwa sababu sikuwa na mahali pengine ambapo mtu angefurahi kuniona.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Muhimbili walianza Februari 2011, wa kwanza Tanzania Bara, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani. Unapanga foleni asubuhi. Unafika dirishani, unataja jina na namba, muuguzi anakutazama kama umelewa; ukiwa umelewa hupewi. Anakupimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, unakunywa mbele yake, kisha unaongea kidogo ili ajue hujaibakiza mdomoni. Basi. Kesho tena, Idi na Krismasi, mvua ya Aprili na jua la Januari. Kuna wanaopunguziwa taratibu mpaka wakatoka kabisa, kuna wanaokaa miaka. Daktari wangu hanikimbizi na mimi sijikimbizi.

Ina karaha zake. Choo kinakuwa kigumu. Jasho. Na ina hatari ambayo vijana wanaidharau: ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, valium na jamii zake, unalala usiamke. Jambo jingine ambalo wengi hawaelezwi mpaka yawakute ni kifua kikuu. Mimi niligundulika nacho pale pale kliniki. Dawa yake moja, rifampisini, inafanya mwili utafune methadoni haraka, kwa hiyo wiki ya pili arosto ikanirudia kila alfajiri nikadhani nimedhulumiwa dozi. Nilikuwa nimeshafika maskani, kijiwe cha wavuta unga, hela mkononi. Kilichonirudisha ni dada mmoja tunayekunywa naye, yalimkuta hayohayo mwaka uliotangulia. Akaniambia mwambie muuguzi unatumia dawa za TB wakupandishie. Wakanipandishia. Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani asimkalie kooni kwamba "ameanza tena" kabla hajamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi nazo zinafanya hivyo.

Kuamua tu niliamua mara nyingi, mzee. Gerezani niliishi miaka bila unga. Nilishuka Dar es Salaam 2017 mwili safi, nikiwa na cheti cha ushonaji na kilo zangu zote. Ule mwaka mji ulikuwa wa kamatakamata, majina yanatajwa hadharani, unga adimu, kete imekuwa ndogo na imechanganywa na mambo nisiyoyajua. Ungedhani ndiyo nafasi nzuri ya kubaki salama. Nilifika nyumbani nikakuta mama amefariki miaka miwili kabla, ndugu walikuwa wamenificha kwenye barua. Jioni ya siku hiyohiyo miguu ilinipeleka maskani, na walionipokea kwa furaha ya kweli walikuwa wale.

*Kaka, mimi na mume wangu tuko Kisauni. Alikuwa akibwia unga, sasa ni mwaka anakunywa methadone hapa kwetu na hajagusa kitu. Tumefungua kibanda cha mboga. Je, nimwachie M-Pesa ya biashara? Na akichelewa usiku naona moyo wataka kutoka, huwa napekua mifuko yake akilala. Nafanya vibaya? — Dada, Mombasa*

Dada, hufanyi vibaya, ila unajichosha, na yeye anajua unapekua. Sisi tunajua kila kitu kilichosogezwa nyumbani. Ni ujuzi tulioupata kwa kusogeza vya wenzetu.

Pesa: mwachie ya siku, siyo ya wiki. Mauzo ya leo yaingie kwenye simu yako jioni, mbele yake, kwa kuhesabu wote. Na msifanye kwa siri wala kwa kununa. Mwambie wazi ni kwa mwaka huu, mwaka kesho mtazungumza upya. Mimi mwenyewe nikilipwa kazi ya sare za shule huwa namwomba mwenye duka la vitambaa anishikie nusu. Hela nyingi mfukoni kwa mpigo bado inanipa joto.

Kuchelewa: kaeni mkubaliane kwamba ukiwa na wasiwasi utamwomba apimwe mkojo kliniki, naye asikasirike. Kipimo ni dakika chache. Mwanaume akikataa kipimo ndipo uanze kuhofu. Akichelewa kwa sababu ya mechi ni mechi. Tazama pia mboni za macho: mtu aliyekula unga mboni zinakuwa ndogo mno, hata chumba kikiwa na giza. Usisahau methadoni nayo inazipunguza kidogo, kwa hiyo jifunze kwanza zake zikoje siku ya kawaida.

Mke wangu hakunisubiri. Watoto wako kwake Mbagala, nawaona Jumapili, mume wake wa sasa ananifungulia mlango na kunikaribisha chai. Haya ya kwako, dada, usiyaone madogo.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Gereza la Hong Kong likoje? Mlikuwa mnakula nini? Mlikuwa mnaongea lugha gani? — Mwanafunzi, Moshi*

Mahabusu nilikaa Lai Chi Kok, baada ya hukumu nikapelekwa Stanley. Chakula kiko makundi: kuna cha Kichina, wali na mboga na samaki, kuna cha Kihindi, chapati na mchuzi wa pilipili, kuna cha Kizungu, mkate na viazi. Waislamu wengi tulikula cha Kihindi. Ugali nilikula ndotoni.

Askari unamwita "Ah Sir". Kikantoni nilijifunza cha kuombea maji na cha kugombania, kisha polepole cha utani. "Sik faan" ni kula wali, ila husemwa hata kama chakula chenyewe si wali. Sisi weusi walituita "hak gwai", shetani mweusi. Mwanzoni niliwaka, baadaye nikagundua Wazungu nao ni mashetani, ila weupe.

Kila mtu anafanya kazi. Wafungwa wanashona sare, wanafua nguo za hospitali, wanatengeneza vibao vya barabarani, wanajalidi vitabu. Mimi nilipangiwa mashine. Ujira ni mdogo, wa wiki, unanunulia sabuni, biskuti na stempu. Stempu ndizo zilizokuwa na kazi kubwa. Kulikuwa na padri mmoja Mwaustralia, John Wotherspoon, akitembelea wafungwa bila kuuliza dini. Mwaka 2013 alianza kutuhimiza Watanzania tuandike barua za wazi kwa vijana wa nyumbani, kila mtu aeleze alivyokamatwa na amefungwa miaka mingapi, naye akazisambaza. Wengine waliogopa, maana kuna waliotaja waliowatuma. Mimi niliandika ukurasa mmoja, bila jina la bosi. Bosi alikuwa anajua nyumba ya mama yangu ilipo.

Soma, mdogo wangu. Baridi ya Januari kule ni ya kweli, blanketi ni nyembamba, na ukiumwa jino unangoja.

*Kaka yangu alifia chooni Kinondoni mwaka 2006. Alikuwa na miaka 22. Unga uliomuua uliletwa na watu kama wewe. Nimeshangaa gazeti kumpa mtu huyu kurasa na kumwita "mstaafu" kama vile alikuwa mwalimu. — Dada, Dar es Salaam*

La gazeti na jina la safu amjibu mhariri, nimemwachia barua yako mezani.

La kaka yako nijibu mimi. Mwaka 2006 nilikuwa naingiza. Mzigo wangu mwingi ulikuwa unapita tu, lakini kila mara kuna sehemu ilibaki mjini kulipia gharama, na sehemu hiyo iligawiwa Magomeni, Kinondoni, Manzese. Siwezi kukuambia ule haukuwa wangu. Najua tu nani alikuwa akiupokea kutoka kwangu na akiupeleka wapi, na Kinondoni ilikuwemo. Sikuombi kitu, na ukiamua kutosoma safu hii tena nitaelewa. Kama utataka kuniuliza jambo lolote la mwaka ule, la watu au la mahali, mhariri ana namba yangu, nitakujibu nitakachojua.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa nidhamu shule ya sekondari. Tungependa uje uzungumze na wanafunzi wetu. Unatoza kiasi gani, na unaweza kuja lini? — Mwalimu, Bagamoyo*

Mwalimu, sitozi. Nauli na chakula cha mchana tu.

Nina masharti lakini. Sitaki kusimamishwa paredi wanafunzi 800 jua kali, mimi napaza sauti nao wananipigia makofi. Mara moja nilifanyiwa hivyo. Walipotawanyika vijana watatu wakanifuata kuniuliza kama kweli nimewahi kupanda ndege, macho yanawaka. Nipe darasa moja moja, watu 40, milango imefungwa, walimu wasiwepo, na waruhusiwe kuuliza lolote. Maswali ya vijana si kuhusu Hong Kong. Wanauliza kuhusu binamu, kuhusu bangi iliyochanganywa na kitu, kuhusu baba.

Jambo jingine ni dozi. Siwezi kuondoka Dar es Salaam kabla ya kunywa, na kama mtataka nilale huko lazima kliniki yangu iandikiane mapema na ya Bagamoyo ili nikanywee kwenu asubuhi. Januari siwezi kabisa, ni msimu wa sare. Februari wiki ya pili inafaa, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Barua ya shule ipitie kwa mhariri, iwe na muhuri, niionyeshe dirishani.